Kuzoea Vita: Mgao, Ving'ora na Mkate wa Raia wa Ukraine

Ndugu msomaji, hebu tuanze na swali dogo. Vita vikianza leo saa kumi na moja alfajiri, kesho mchana utakula nini? Dawa za presha za bibi utazipata wapi kama maduka ya dawa yamefungwa? Mtoto ana mtihani wiki ijayo, atafanya au hafanyi? Na mshahara wa mwisho wa mwezi, utaingia?

Maswali ya namna hii huyakuti sana kwenye habari za vita. Sisi wa magazetini tuna ugonjwa wetu. Ikija habari ya vita tunatafuta ramani, mishale miwili mitatu, idadi ya vifaru, kisha kauli ya rais huyu na majibu ya rais yule. Ukurasa umejaa, mhariri ameridhika, tunakwenda nyumbani. Mama aliyekuwa anapika kwenye ghorofa ya nane hayumo.

Leo ramani naiweka pembeni. Nataka tumzungumzie huyo mama, pamoja na mstaafu, mwalimu na dereva wa treni wa Ukraine. Na katikati ya mazungumzo yetu naliweka neno moja tu la Kiswahili: kuzoea.

Kwanza tuweke sawa tarehe. Wengi wetu tunasema vita vilianza Februari 24, 2022. Kwa watu wa mashariki ya Ukraine wakati huo vita vilikuwa na umri wa miaka minane. Machi 2014 Urusi iliitwaa rasi ya Crimea, na miezi iliyofuata mapigano yakawaka katika mikoa ya Donetsk na Luhansk, eneo linaloitwa Donbas. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, hadi mwisho wa 2021 watu wapatao 14,000 walikuwa wamekufa, zaidi ya 3,000 kati yao wakiwa raia wa kawaida. Dunia ilikuwa imeshahamia kwenye habari nyingine.

Kipindi hicho mzee wa Donbas aliishi vipi? Chukua suala la pensheni. Mwishoni mwa 2014 serikali ya Ukraine ilisimamisha malipo ya pensheni katika maeneo ambayo haikuyadhibiti. Mstaafu aliyetaka haki yake ilibidi avuke mstari wa mapigano, ajiandikishe upande wa pili kama mkimbizi wa ndani, achukue fedha, kisha arudi kwake. Katika mkoa wa Luhansk kivuko kilikuwa kimoja tu, Stanytsia Luhanska, na kilikuwa cha miguu. Daraja lenyewe lilikuwa limebomolewa, na mahali lilipokatika pakawekwa ngazi za mbao zenye mteremko mkali. Bibi na babu waliipanda na kuishuka na fimbo zao, wengine wakisukumwa kwenye viti vya magurudumu, wakiwa wamepanga foleni kwa saa nyingi juani au kwenye baridi. Wapo waliokata roho kwenye foleni ile. Daraja lilikuja kutengenezwa Novemba 2019.

Ulikuwa utaratibu wa kila mwezi wa wazee wa kawaida. Wameamka, wamekunywa chai, wamekwenda kuvuka vita kufuata pensheni. Kuzoea kulianzia hapo.

Halafu ikafika hiyo alfajiri ya Februari 2022. Milipuko ilisikika Kyiv, Kharkiv, Odesa na miji mingine kabla jua halijachomoza. Asubuhi ile foleni zilikuwa tatu: mashine za kutolea fedha, vituo vya mafuta na maduka ya dawa. Ikatangazwa sheria ya kijeshi, na wanaume wa miaka 18 hadi 60, ukiacha wachache wenye sababu maalumu, wakazuiwa kutoka nchini. Maana yake ni kwamba familia nyingi ziliagana stesheni. Mama na watoto ndani ya behewa, baba nje, mkono kwenye kioo.

Treni ndizo zilizobeba nchi. Shirika la reli, Ukrzaliznytsia, lilipeleka treni za kuhamisha watu bila kudai nauli, mabehewa yakajazwa mara kadhaa ya uwezo wake, na usiku taa zikazimwa ili treni isionekane kwa mbali. Katika miezi ya mwanzo zilisafirisha watu wapatao milioni 4. Mpakani kulikuwa na kikwazo cha kiufundi ambacho sisi wenye reli ya zamani na SGR tunakielewa vizuri: reli ya Ukraine ina upana wa milimita 1,520 na ya sehemu kubwa ya Ulaya ni 1,435. Treni haipiti moja kwa moja, kwa hiyo kwa wengi safari ilihitaji kushuka na kupanda nyingine. Na reli nayo ililengwa. Aprili 8, 2022 kombora lilipiga stesheni ya Kramatorsk, mahali ambapo maelfu walikuwa wanasubiri kuondoka. Walikufa zaidi ya 50.

Hapa lazima niseme jambo linalotuhusu. Kabla ya vita vyuo vya Ukraine vilikuwa na makumi ya maelfu ya wanafunzi wa kigeni, wakiwamo Waafrika wengi, Watanzania na Wakenya kati yao, hasa kwenye udaktari na uhandisi. Nao walikuwa kwenye foleni zile zile za stesheni na mpakani. Baadhi waliteremshwa kwenye treni au kurudishwa nyuma kwa sababu ya rangi yao. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba Februari 28, 2022 Umoja wa Afrika ulitoa tamko la kulaani. Mtu anaweza kuwa anakimbia bomu na bado akambagua anayekimbia naye. Ukiandika historia ya watu wa kawaida, na hili liandike.

Waliobaki waliingia ardhini. Metro, yaani treni za chini ya ardhi za Kyiv, zilijengwa enzi ya Usovieti, na stesheni zake za kina ziliandaliwa pia kuwa mahandaki. Stesheni ya Arsenalna iko zaidi ya mita 100 chini, miongoni mwa zenye kina kirefu kabisa duniani. Kharkiv, jiji lililo kilomita thelathini na kitu kutoka mpaka wa Urusi, metro iliacha kabisa kusafirisha watu ikawa nyumba. Kwa miezi mitatu, hadi treni ziliporudi kazini Mei 24, 2022, watu walilala kwenye majukwaa na ndani ya mabehewa, na paka wao, na mbwa wao, na sufuria zao.

Mariupol hapakuwa na metro. Mji ule wa bandari ulizingirwa tangu mapema Machi hadi Mei 2022. Maji yalikatika, umeme ukafuata, kisha gesi na simu. Watu waliyeyusha theluji ili wapate maji ya kunywa, na ilipokwisha wakafungulia mabomba ya kupashia nyumba joto wakakinga maji yaliyokuwa humo. Walipika uani juu ya matofali, wakikimbilia ndani kila mzinga ulipolia na kurudi kukoroga supu ulipotulia. Jirani akifa alizikwa kwenye bustani ya maua mbele ya jengo, kwa sababu kufika makaburini kulikuwa ni kujitakia kifo. Mamia walijificha kwenye jumba la maigizo, wakaandika nje kwenye lami, kwa herufi kubwa za kuonekana angani, neno la Kirusi lenye maana ya "watoto". Machi 16 jumba lilipigwa bomu.

Unaweza kuuliza, ujuzi huu wa kukinga maji na kupika juu ya matofali watu wa mjini waliutoa wapi? Jibu moja ni kwa wazee wao. Ukraine ni nchi ambayo bibi hatupi mkate. Kati ya 1932 na 1933, chini ya Stalin, mamilioni ya watu walikufa kwa njaa, wenyewe wanaiita Holodomor, katika nchi inayolima ngano kuliko nyingi. Wafugaji na wakulima walinyang'anywa hadi mbegu. Miaka minane baadaye wakaja Wajerumani wa Hitler, na kati ya 1941 na 1944 Kyiv na miji mingine ikaonja njaa tena, na mauaji, na zaidi ya watu milioni 2 kutoka Ukraine kuchukuliwa kwenda kufanya kazi za shuruti Ujerumani. Waliopona walilea watoto kwa tabia ya kuweka akiba: mikate mikavu kwenye mfuko, mitungi ya matango na nyanya za siki chini ya sakafu. Wajukuu walikuwa wakiwacheka. Mwaka 2022 mitungi ile iliwalisha.

Lakini uzoefu hauna kinga. Boris Romanchenko alichukuliwa na Wajerumani akiwa kijana na akapita katika kambi nne za Wanazi: Buchenwald, Peenemünde, Mittelbau-Dora na Bergen-Belsen. Zote akatoka hai. Machi 18, 2022, akiwa na miaka 96, aliuawa ndani ya nyumba yake Kharkiv ghorofa lao lilipopigwa.

Sasa tuje kwenye mgao. Hapa Mtanzania yeyote anakaa vizuri kwenye kiti, kwa sababu mgao tunaujua. Tunajua ratiba, tunajua jenereta linalonguruma mbele ya saluni, tunajua kuchaji simu ofisini. Tofauti ni chanzo. Mgao wetu umewahi kuletwa na mabwawa kukauka. Wao uliletwa na makombora. Oktoba 10, 2022 Urusi ilirusha makombora zaidi ya 80 kwa siku moja, na kuanzia hapo mitambo ya umeme na vituo vya kupozea umeme vikawa shabaha ya msimu mzima wa baridi. Novemba 23 mwaka ule hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba vinu vyote vya nyuklia vilijitenga na gridi, sehemu kubwa ya Kyiv ikakosa hata maji, na madaktari wa moyo wakamalizia upasuaji wakimulikiwa na taa za betri.

Tena usisahau, huko umeme ukikatika majira ya baridi si feni inayozima. Joto la nyumba linakwenda nalo, na nje ni chini ya nyuzi sifuri.

Ndipo mambo madogo yakaanza kuonekana. Kwenye lifti za maghorofa watu wa jengo waliacha sanduku dogo: chupa ya maji, biskuti, tochi, dawa ya kutuliza, pengine na kiti, kwa ajili ya yeyote atakayenaswa umeme ukikatika. Hakuna waziri aliyetoa agizo. Serikali yenyewe ilifungua vituo ilivyoviita vya kutovunjika moyo, mahema na vyumba vya shule vyenye joto, chai, soketi na intaneti, ambapo mhasibu alimalizia hesabu za kampuni pembeni ya mtoto anayefanya kazi ya nyumbani. Nyumbani mama alijifunza kufua saa nane usiku kwa sababu ratiba ndiyo ilisema hivyo. Wengine walikusanya makopo matupu, wakayajaza kadibodi na nta, yakawa mishumaa ya kuwapelekea askari mahandakini. Majira ya kuchipua ya 2024 mashambulizi yakarudi kwa nguvu, na Aprili 11 mtambo wa Trypilska, uliokuwa mkubwa kuliko yote mkoa wa Kyiv, uliharibiwa kabisa. Mgao ukaanza upya.

Na shule? Kharkiv walitafuta jibu lao. Kombora lililorushwa kutoka ng'ambo ya mpaka linaweza kutua kabla king'ora hakijamaliza kulia, kwa hiyo kusema watoto watakimbilia handakini ni kujidanganya. Septemba 2023 madarasa yalifunguliwa ndani ya stesheni za metro, kuta zimepakwa rangi, madawati yamepangwa, treni zinapita upande wa pili. Mwaka 2024 jiji likafungua shule iliyojengwa ardhini tangu mwanzo, ya wanafunzi wapatao 900 kwa zamu mbili. Shule isiyo na dirisha hata moja. Kwa watoto waliokuwa wamesoma kupitia kompyuta tangu janga la korona, kukaa na mwenzako dawati moja ilikuwa sherehe tosha.

Watu wazima nao walijifunza hesabu mpya. Simuni mwao wana programu inayolia mkoa wao unapokuwa hatarini. Toleo lake la Kiingereza lilirekodiwa na Mark Hamill, yule Luke Skywalker wa filamu za Star Wars. Ndege ya Urusi aina ya MiG-31K ikiruka tu, nchi nzima inalia, maana inaweza kubeba kombora la kasi kubwa liitwalo Kinzhal. Sasa fikiria: umelia mara nne usiku, asubuhi una kazi, unaishi ghorofa ya tisa na lifti haina umeme. Unashuka? Kuna kanuni ya kuta mbili. Kaa mahali ambapo kati yako na nje kuna kuta mbili, ya kwanza ipokee mlipuko, ya pili izuie vipande. Ndiyo maana watu wengi wamelala kwenye korido na bafuni. Wengine walifika mahali wakaacha kuamka kabisa. Waligeuka upande wa pili wa mto wakaendelea na usingizi.

Hapo ndipo neno letu linapokuwa gumu. Kuzoea ndiko kulikowawezesha kwenda kazini, kuoa, kupanda viazi. Na kuzoea huko huko ndiko kulikomwacha mtu kitandani usiku ambao kombora lilikuwa lake. Hadi mwisho wa 2024 Umoja wa Mataifa ulikuwa umethibitisha vifo vya raia zaidi ya 12,000 tangu Februari 2022, nao wenyewe wanasema idadi kamili ni kubwa zaidi.

Tusiwafanye malaika pia. Vita virefu vinachosha, na uchovu huzaa mambo. Mwanzoni wanaume walipanga foleni kujiandikisha jeshini. Baadaye foleni zilikwisha, na Aprili 2024 umri wa kuandikishwa ukashushwa kutoka miaka 27 hadi 25. Maofisa wa uandikishaji wakawa wanasimamisha wanaume barabarani, na wapo vijana waliojifungia ndani wiki kwa wiki, wakiagiza chakula kwa simu, wakiogopa kwenda hata sokoni. Jengo moja linaweza kuwa na mjane wa askari ghorofa ya pili na kijana anayejificha ghorofa ya tano. Wanakutana kwenye ngazi. Wanasalimiana au hawasalimiani. Hiyo nayo ni siku ya kawaida.

Kherson, mji uliokombolewa Novemba 11, 2022, furaha haikudumu. Majeshi ya Urusi yalivuka mto Dnipro tu, na kutoka ng'ambo yakawa yanarusha droni ndogo zinazomfuata mtu mmoja mmoja: mwendesha baiskeli, bibi aliyetoka kununua mkate, gari la wagonjwa. Mei 2025 tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilisema mashambulizi hayo ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mji ulijibu kwa nyavu. Barabara zilifunikwa kwa nyavu za uvuvi, nyingine zikitoka kwa wavuvi wa Ufaransa, ili droni inase kama samaki. Watu wakapita chini yake kwenda sokoni.

Kila siku saa tatu asubuhi, tangu Machi 2022, Ukraine ilipangiwa dakika moja ya ukimya kwa ajili ya waliokufa. Katika miji mingi magari yalisimama, watu wakateremka na kuinamisha vichwa. Dakika ikiisha kila mtu anaendelea na shughuli zake. Mimi nadhani dakika ile iliwekwa kwa sababu hiyo hiyo ya kuzoea. Mtu anayelazimika kuzoea anahitaji mahali ambapo anakatazwa kuzoea, japo kwa sekunde 60.

Sisi tulio mbali hatuna dakika hiyo. Mwaka 2022 vita hivi vilitugusa kupitia tumbo: bandari za Odesa zilifungwa, bei ya ngano ikapaa, na mama muuza maandazi wa huku akapunguza ukubwa wa andazi. Julai 22, 2022 yakafikiwa makubaliano Istanbul ya kupitisha nafaka kwenye Bahari Nyeusi, na mwishoni mwa Agosti meli ya Brave Commander ikatia nanga Djibouti na tani 23,000 za ngano kwa ajili ya Ethiopia. Urusi ilijitoa Julai 17, 2023. Kufikia hapo habari ilikuwa imeshashuka kutoka ukurasa wa mbele hadi wa kumi na mbili, aya tatu, chini ya tangazo. Sudan imepita njia hiyo hiyo, na Goma pia.

Kule mtu amezoea ili aweze kuishi. Huku tumezoea kwa sababu haituumi, na kila tunapozoea, anayerusha makombora anapunguza idadi ya watu wanaomtazama. Kwa hiyo ombi langu kwa wanahabari wenzangu, na kwako msomaji unayetuandikia barua ukituambia tuandike nini, ni dogo. Siku nyingine ikija ramani yenye mishale, tuulize pia bei ya mkate, ratiba ya umeme, na nani ameweka biskuti kwenye lifti.

Tutafakari.